Mkia wa Sentensi ya Rais

Wanaodhani dunia yote imekwisha kuchorwa kwenye ramani hawajafika Kaulini. Mwajabu binti Kondo alifika. Aliingia lango la nchi hiyo Jumanne asubuhi akiwa na begi moja, viatu alivyovaa siku ya mahafali, na bahasha ya kaki yenye cheti cha shahada ya lugha ambacho kwa miaka miwili hakuna ofisi iliyokitaka. Kaulini ndiyo iliyomwandikia kwanza. Barua yao ilikuwa fupi: anatakiwa mgeni mwenye kuandika upesi na kusoma kwa sauti.

Ofisa wa langoni hakumuuliza pasipoti.

"Mkaza au Mlegeza?"

"Mimi mgeni, afande."

"Hata mgeni akilala hulalia ubavu mmoja. Mkaza au Mlegeza?"

"Sijui maana yake."

Ofisa akamtazama kwa huruma, akaandika kwenye fomu: *Hajajijua*. Muda wote huo alikuwa akibadilisha miguu, mara wa kulia, mara wa kushoto, hata Mwajabu akadhani amebanwa na haja. Lakini alipotoka nje aliwaona wote wako vivyo hivyo: muuza vitumbua, polisi wa njia panda, wanawake wawili waliokuwa wakigombana, kila mmoja upande wake wa ukuta. Hakuna aliyesimama ametulia. Baada ya muda naye akahisi joto likipanda kutoka ardhini, likipenya soli, na bila kukusudia akaanza kubadilisha miguu.

"Utazoea," alisema mwenyeji wake, Bi Kidawa, akimpokea begi. "Ni Kaa hilo. Karibu nyumbani, mwanangu."

Bi Kidawa alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, mtumishi wa serikali kwa miaka ishirini na minane. Ndiye aliyemweleza habari za Kaa. Kila nchi, Kaulini na jirani yake Ng'ambo, ilichimba shimo kwenye ukingo wa korongo la mpakani, ikaweka humo kaa moja la moto lililomegwa, kwa maarifa makubwa na ujinga mkubwa zaidi, kutoka kwenye jua. Juu ya kila shimo kulikuwa na kifuniko cha chuma. Kaa lilikisukuma kifuniko juu usiku na mchana, na watu kumi na wawili walikivuta chini kwa kamba. Wakiachia, Kaa litaiona mbingu, na kila kitu kitaungua mpaka baharini, huku na kule, maana moto hausomi mipaka.

"Kwa nini msiifunge kamba kwenye nguzo?" Mwajabu aliuliza.

Bi Kidawa akacheka, kisha akafunga dirisha. "Swali hilo usiliulize mbele ya mume wangu."

Lakini mume wake, Bwana Mwinshehe, alikuwa amesikia kutoka ukumbini. Alikuwa mfafanuzi wa chama cha Wakaza. Kazi ya mfafanuzi ni kuwaambia wananchi Rais amesema nini baada ya Rais kusema.

"Kamba ikifungwa kwenye nguzo, nani atatuogopa?" aliuliza akiingia na karatasi mkononi. "Adui lazima aione mikono. Lazima ajue mikono inaweza kuachia. Hiyo ndiyo heshima."

"Na Walegeza, baba, wanasemaje?"

"Walegeza!" Alilitamka jina hilo kama anatema kokwa. "Wao wanataka washika kamba wavae glavu nyeupe badala ya nyekundu. Miaka sita bunge zima linabishania glavu."

"Kwa hiyo mikono mpaka sasa..."

"Mitupu," alisema Bi Kidawa kwa sauti ndogo. "Siwema wetu yuko huko. Binti yangu. Zamu yake ya tatu wiki hii."

Bwana Mwinshehe alikohoa, akakunja karatasi. Mwajabu aliona kichwa cha habari kilichoandikwa kwa wino uliokwisha kukauka: *Hotuba ya Kishujaa ya Rais Jana*.

"Lakini hotuba ni kesho," alisema.

"Ukingoja kusikia ndipo uandike, utachelewa. Mwenzangu wa Walegeza, Mkomwa, yake aliichapa tangu Ijumaa. *Hotuba ya Hatari.*" Akatikisa kichwa kwa wivu kidogo. "Yule mtu hana akili, lakini ana bidii."

Hotuba hiyo haikuwa ya kawaida. Ng'ambo walikuwa wameleta barua: neno la Rais wa Kaulini liwafikie kabla ya saa kumi alasiri siku ya Jumatano. Likiwa neno la vitisho, wataachia kamba yao. Na kwa kuwa kila raia wa Kaulini ni wa chama, na asingeweza kulibeba neno bila kulipaka rangi ya chama chake, sheria ilitaka libebwe na mgeni. Mgeni mwenyewe ndiye Mwajabu. Alipoelewa hivyo, alikaa kitandani akiwa ameishika bahasha yake ya kaki. Alikuwa ameomba kazi ya maana. Hakujua kazi inaweza kuwa na maana kiasi hiki.

Jumatano saa nne uwanja ulijaa. Wakaza walikaa kulia, Walegeza kushoto, na katikati palikuwa na kiti kimoja cha mgeni. Mbele ya jukwaa alisimama Katibu wa Makofi, bwana mrefu mwenye kengele, ambaye kabla ya yote alisoma sheria kuu ya nchi: "Sentensi iliyopigiwa makofi imekwisha! Kofi la kwanza ni la mfafanuzi, yanayofuata ni ya wananchi!"

Mwajabu akaandika. Alidhani ni adabu tu ya sherehe.

Rais alipanda. Alikuwa mtu wa Wakaza, mnene kidogo, mwenye jasho, na alishika karatasi zake kama mtu aliyeshika mtoto wa mwenzake. Alisema, "Ndugu wananchi, nchi yetu ni nzuri—" na Bwana Mwinshehe akapiga kofi, na upande wa kulia ukanguruma. Kengele ikalia. "Imekwisha!" Rais akafunga mdomo, akameza, akageuza ukurasa. Akasema, "Mvua mwaka huu haikutosha—" na Bwana Mkomwa akapiga kofi la kejeli, la polepole, na Walegeza wote wakamfuata. Kengele. "Imekwisha!" Ikawa hivyo kwa saa nzima. Hakuna sentensi iliyofika mwisho. Mwajabu alianza kuona namna Rais anavyoharakisha maneno ya mwanzo, kama mtu anayejaribu kupita mlangoni kabla haujafungwa, na namna mlango unavyomfungia kila mara kisigino kikiwa bado nje.

Hatimaye akaiweka karatasi pembeni. Akavuta pumzi.

"Na ninyi wa Ng'ambo," alisema taratibu, "nawaambieni leo mbele ya watu wote: hatutawaacha—"

Makofi yakapasuka pande zote mbili kwa wakati mmoja, jambo ambalo halijatokea kwa miaka. Mwinshehe alikuwa amesimama juu ya kiti. "Amewatisha! Mwanamume huyo!" Mkomwa naye amesimama, amejishika kichwa. "Amewatisha! Atatuchoma huyo!" Kengele ililia. "Imekwisha!"

Mwajabu peke yake ndiye aliyekuwa bado akimtazama Rais. Mdomo wake ulikuwa wazi. Kuna neno lilikuwa limefika kwenye meno. Alilitafuna, akalimeza, akashuka.

Aliitazama karatasi yake. *Hatutawaacha.* Alilijua neno hilo. Siku ya msiba wa mama yake, yeye akiwa na miaka tisa, na wadogo zake wawili wamejificha nyuma ya mlango, bibi yake aliwakusanya kwenye mkeka akawaambia neno hilo hilo. *Hatutawaacha.* Wakalala wakiwa wamelishika. Iweje neno lile lile sasa liwe kisu, na watu elfu arobaini wakubaliane kuwa ni kisu, hawa wakishangilia na hawa wakilia, na asitokee hata mmoja wa kuuliza?

Alimfuata Katibu wa Makofi.

"Samahani, mzee. Sentensi ya mwisho ilikuwa na sehemu iliyobaki."

"Sentensi iliyopigiwa makofi haina sehemu iliyobaki."

"Lakini alikuwa anaendelea kusema."

"Alikuwa anaendelea kupumua." Akamkabidhi bahasha yenye lakiri. "Ndani kuna neno moja. Utalisoma kwenye korongo kabla ya saa kumi. Ukiongeza herufi, kazi huna, na nchi hii huioni tena. Nenda kale."

Lakini hakula. Barabarani vipaza sauti vya Wakaza vilikuwa vimeelekezwa Ng'ambo, vikitangaza kishindo cha hotuba. Vya Walegeza vilielekezwa huko huko vikilia kwamba Rais ni mwendawazimu. Watu wa Ng'ambo hawakuisikia hotuba yenyewe. Walisikia ufafanuzi tu, kutoka pande zote mbili, na pande zote mbili zilisema jambo moja. Ardhi ilikuwa ya moto zaidi. Watu walibadilisha miguu haraka haraka, kama wacheza ngoma isiyosikika.

Bi Kidawa alimkuta amesimama kwenye kona ya posta.

"Umeona mdomo wake," alisema. Haikuwa swali.

"Ulibaki wazi, mama."

"Mimi nimeuona ukibaki wazi kwa marais watatu. Njoo nikuoneshe ninakofanya kazi."

Ilikuwa ghala refu nyuma ya Ikulu, lenye kabati kutoka sakafuni mpaka darini, na kila kabati lina droo ndogo kama za duka la dawa. Juu ya mlango paliandikwa *Ghala la Mikia*. Bi Kidawa alieleza kwamba sheria inamtaka kila rais, baada ya hotuba, aandike sehemu za sentensi zilizokatwa, nazo zihifadhiwe kwa ajili ya historia. Ila hairuhusiwi kuzisoma.

"Wewe husomi?"

"Nina miwani ya nini, mwanangu?"

Akavuta droo moja. Juu ya kikaratasi kulikuwa na maneno yaliyopigiwa makofi, *Adui yetu ni mwoga*, na chini yake, kwa mwandiko mdogo, *kama tulivyo sisi*. Akavuta nyingine. *Tutashinda*, na chini: *ikiwa mtanieleza tunashindania nini*. Nyingine ilikuwa *Maji ya bomba yatafika kila nyumba*, na mkia wake, *ya waziri*. Mwajabu alicheka, kisha akazitazama kabati nyingine. Droo zilikuwa maelfu. Nchi nzima ilikuwa imeishi miaka yote kwa vichwa vya sentensi, na miili imelala humu gizani.

"Wa leo uko wapi?"

Bi Kidawa akavuta droo ya mwisho. Ilikuwa tupu. "Hajauleta. Hii ni mara ya kwanza." Akairudisha droo mahali pake. "Mwanangu, mimi si mtu wa siasa. Mimi nina binti mmoja, na ameshika kamba. Kapite mlango ule. Unatokea uani kwa Rais. Mwambie umetumwa na ghala."

Rais alikuwa barazani peke yake, ameketi kwenye kiti cha plastiki, miguu ndani ya beseni la maji baridi, kikombe cha chai mkononi. Bila karatasi alionekana kama mwalimu mstaafu.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Wewe ndiye mgeni?"

"Ndimi. Nimekuja kuuliza mkia."

"Wafafanuzi wameshasema nilichosema," alijibu.

"Mimi nauliza ulichotaka kusema."

"Unajua, binti, zamani nilikuwa najua tofauti." Aliyatikisa maji kwa vidole vya miguu. "Ukiambiwa kila siku ulichosema, unafika mahali unangoja magazeti ujue una mawazo gani."

"Lakini leo uliweka karatasi pembeni."

Rais akamtazama mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu asiyelala. "*Hatutawaacha mshike kamba peke yenu,*" alisema. "Ndiyo hiyo yote. Nilitaka kuwaambia kwamba watu wetu sita waende wakashike kamba ya kwao, na wa kwao sita waje washike yetu. Nani ataachia akiwa na watoto wake pande zote mbili?"

"Basi andika! Niandikie hapa, nitakimbia nayo."

"Nikiandika inakuwa hotuba mpya. Hotuba mpya inataka uwanja, uwanja unataka makofi. Na chama changu wakijua, kesho niko nyumbani kwangu."

"Mheshimiwa, kesho ipi?"

Rais alishika kikombe kwa mikono miwili, akatazama maji. Mwajabu alingoja mpaka hakuweza kungoja tena, kisha akatoka mbio kwa viatu vya mahafali.

Alifika korongoni saa kumi kasoro dakika kumi. Umati ulikuwa umeshamtangulia, maana wafafanuzi hawakosi shughuli. Mwinshehe alikuwa mbele kulia, Mkomwa mbele kushoto, mikono yao ikiwa tayari kifuani. Katikati yao, kwenye shimo, watu kumi na wawili walivuta kamba, migongo imepinda, viganja vimechubuka. Wa kwanza kwenye kamba alikuwa msichana mwembamba aliyefunga kitambaa cha buluu. Macho yake yalikuwa ya Bi Kidawa kabisa. Na ng'ambo ya pili, karibu kiasi kwamba ungeweza kumrushia mtu chungwa akalidaka, kulikuwa na shimo jingine, kamba nyingine na watu wengine kumi na wawili. Mbele yao alisimama mzee mnyapara, Bwana Ngwali, ameinua kijiti. Kijiti kikishuka, wanaachia.

"Mgeni!" aliita Bwana Ngwali. "Tupe neno, maana mikono imechoka!"

Mwajabu alivunja lakiri. Alimwona Bi Kidawa akipenya umati, amepoteza miwani. Alimwona Katibu wa Makofi na kengele yake. Akajua akifungua mdomo neno la kwanza litatoka, makofi yatalia, na hakutakuwa na neno la pili.

"Na ninyi wa Ng'ambo," alisoma, "hatutawaacha—"

Mikono ya Mwinshehe ilinyanyuka. Katika nukta hiyo Siwema aliteleza. Hakuachia, damu ya kiganja ilifanya kamba iteleze tu, goti likagonga jiwe, na watu kumi na mmoja nyuma yake wakaburutwa hatua nzima. Kifuniko kilipanda kiasi cha kidole. Mwanga mweupe ulitoka kwenye ufa ule, na kivuli cha kila mtu kikalala nyuma yake kirefu kama barabara.

"Mwinshehe!" Bi Kidawa alimshika mumewe kola ya koti, akamsukuma mbele kwa nguvu zote za miaka ishirini na minane. "Mwanao huyo! Shika!"

Akashika. Alishika kwa mikono yote miwili, akapiga ukelele, maana hakujua kwamba kamba ni ya moto. Miaka yote ameiandika na hakujua. "Mkomwa!" alifoka. "Mkomwa, mjinga we, njoo!" Na Mkomwa, aliyekuwa anageuka kukimbia, akageuka tena, akaja akashika kando yake, akiguna, "Nilisema glavu, nilisema mimi glavu!" Wakavuta. Kifuniko kikashuka, chuma kikaumana na jiwe.

Kengele haikulia. Katibu alitazama kulia, akatazama kushoto. Hapakuwa na mfafanuzi mwenye mkono wa kupiga kofi la kwanza. Umati ulisimama na viganja hewani, haujui la kufanya.

"—mshike kamba peke yenu," alimalizia Mwajabu.

Sauti yake ilikuwa ndogo. Alirudia yote tangu mwanzo, safari hii kwa nguvu, na sentensi ikaenda nzima nzima mpaka upande wa pili.

Kijiti cha Bwana Ngwali kilikuwa bado juu.

"Huo mkia ni wa nani?"

"Wa Rais."

"Ameuandika?"

Mwajabu aliona njia ya uongo, iko wazi na fupi. "Hapana. Ameusema barazani, miguu yake ikiwa kwenye beseni. Ameogopa kuuandika. Lakini ndio aliotaka kuusema uwanjani, nilimwona mdomo."

Upande wa pili washika kamba walitazamana bila kugeuza shingo. Kisha mmoja wao, kijana mwenye ndevu chache, akaita bila kuachia: "Wa kwetu naye alihutubia Jumapili. Alisema, *Tutawafikia*. Wakapiga makofi. Ninyi mlisikia hivyo hivyo?"

"Tulisikia," alijibu Siwema, amepiga goti, paji lake limeegemea mgongo wa baba yake. "Tukalia siku mbili."

"Mkia wake sisi hatukuusikia."

Bwana Ngwali aliitazama saa yake ya mkononi. Ilikuwa saa kumi na dakika nne. Alionekana kama mtu aliyegundua kwamba amebeba kitu kizito na hakuna aliyemwambia lini akiweke. Akashusha kijiti taratibu, akakiegemeza kwenye jiwe, huku akiwainulia watu wake kiganja kingine kwamba wasiachie.

"Mgeni," alisema, "unaweza kuvuka? Kwetu pia kuna ghala."

Katibu wa Makofi akaanza kusema kwamba mgeni huyu hana kazi tena, kwamba ameongeza herufi, kwamba jina lake litafutwa langoni. Mwajabu alisikia. Alikuwa ameshaanza kushuka kwenye njia ya mawe, viatu mkononi, na nyayo zake zilimwambia kwamba jiwe ni la moto na kwamba anaweza kulikanyaga.

Nyuma yake umati ulikosa uvumilivu. Mtu wa upande wa kulia akapaza sauti: "Bwana Mwinshehe! Tufafanulie! Imekuwaje hii, tumeshinda au tumeshindwa?" Na wa upande wa kushoto nao: "Mkomwa, sema neno!"

Mkomwa alikuwa anatweta. Bwana Mwinshehe aligeuza uso kidogo, jasho likimwingia machoni, mikono ikivuta, na kwa mara ya kwanza tangu awe mfafanuzi miguu yake ilikuwa imetulia ardhini.

"Nyamazeni," alisema. "Hajamaliza."